Nafasi Moja Kwenye Kadi

Jino ndilo lililoanza. Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, na lilikuwa limenivumilia muda mrefu kama nilivyolivumilia mimi. Siku hiyo likachoka. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeegemea kabati la masjala, jicho moja nimelifumba, na kila aliyekuja kuomba jalada nilimwonyesha kwa kidole ajitafutie mwenyewe. Nikaomba ruhusa, nikaenda kwenye kliniki ndogo ya meno karibu na stendi ya Bariadi, nikalipa taslimu, nikang'olewa, nikarudi kazini na donge la pamba mdomoni. Sisi watu wa Simiyu tumezaliwa katikati ya pamba, tumeilima na tumeilalia, lakini kuitafuna ni jambo jingine.

Afisa utumishi wetu, mama mmoja mchangamfu asiyejua kuongea kwa sauti ya chini, aliingia kutafuta faili la mwalimu fulani, akaliona shavu langu.

"Umeng'oa? Wapi?"

Nikamwonyesha upande wa stendi.

"Wamepokea kadi?"

Sikuweza kuongea, nikachukua kipande cha karatasi nikaandika: Kadi gani?

Akaisoma karatasi ile, akaniangalia, akaisoma tena. "Dada," akasema, "kadi yako ya bima. Unakatwa kila mwezi, halafu jino unalipia mfukoni?"

Nikaandika tena: Bima si ya malaria na kujifungua?

Alicheka mpaka wahasibu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Akawasomea. Nao wakacheka, ingawa nilimwona mmoja wao akijishika shavu na kuanza kufikiri.

Miaka kumi na moja nilikuwa mtunza kumbukumbu pale halmashauri. Nilijua nani amepanda daraja, nani amehamishwa kutoka Maswa, nani barua yake ya likizo imekaa mezani kwa bosi wiki tatu. Jalada langu mwenyewe sikuwahi kulifungua. Jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, nikalishusha. Ndani yake, nyuma ya fomu ya kuajiriwa, kulikuwa na kijitabu cha mfuko wa bima kimebanwa kwa pini iliyoshika kutu. Hakijafunguliwa hata mara moja. Kurasa zake zilikuwa zimeng'ang'aniana kama daftari jipya la mtoto.

Nikakibeba nyumbani.

Jumamosi ile mume wangu alikuwa barazani anasafisha mkanda wa mashine. Anaendesha mashine ya kukoboa mpunga, na msimu ukipungua huleta nusu ya mashine nyumbani kuifanyia usafi. Nilikaa kwenye kigoda na kalamu nyekundu, nikaanza kusoma.

"Soma kwa sauti," akasema, "na mimi nifaidi."

Nikasoma. Meno: kung'oa, kuziba, kusafisha. "Kusafisha!" nikasema. "Wanasafisha meno bure, na wewe unasafisha na kijiti." Miwani, kwa utaratibu maalum. Nikapiga mstari. Mazoezi ya viungo kwa aliyevunjika. Nikapiga mstari. Vipimo ambavyo mwaka uliopita tulivilipia wenyewe wakati mtoto wetu wa pili alipoanguka kwenye mti wa mpera. Hapo sikupiga mstari, nilipiga kelele. Ukurasa ukawa mwekundu. Mume wangu aliacha mkanda wake, akaja kusimama nyuma yangu, mikono imejaa grisi, anasoma kupitia bega langu.

Tukafika sehemu ya wategemezi. Ilisema mwanachama anaweza kuandikisha mwenza wake na wategemezi wanne. Watoto, au wazazi wa mwanachama, au wazazi wa mwenza. Sisi tuna watoto watatu.

Hesabu ile haikuhitaji kalamu. Ilikuwa imebaki nafasi moja, na sisi tulikuwa na mama wawili.

"Tumwandike mama yako," akasema mume wangu.

"Hapana, mama yako," nikasema mimi.

"Kadi ni yako. Wa kwako ndiye aanze."

"Baba watoto, usinifanyie hivyo. Mama yako."

Tulikuwa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake pita, na wote miguu inataka kuingia. Sitasema uongo: nilimtaka mama yangu. Mama yangu anaishi Kalemela, upande wa ziwani, na dagaa alioanika yeye ndio walionisomesha mpaka nikajua kusoma vijitabu vya bima. Lakini mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi Nkololo na shemeji yangu na familia yake, alikuwa haoni.

Haikuwa siri. Sikukuu iliyopita tulipofika Nkololo alisikia gari, akatoka nje kutupokea na mikono yake ameinyoosha. Akanipita mimi. Akampita mwanawe. Akaenda kusimama mbele ya ndama aliyefungwa kwenye mti wa zizi, akamwinamia na kumsalimia kwa heshima zote: "Mwangaluka!" Ndama akamnusa mkono. Tulicheka sote, naye akacheka alipojua. Chai ya siku ile ilikuwa na chumvi. Tukaicheka pia, tukainywa. Tulisema ni uzee. Mambo mengi tulikuwa tumeyapachika jina la uzee, na ukishalipa jambo jina hilo hulipeleki hospitali.

Nikampigia mama yangu.

"Mayu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma, "kwenye kadi yangu ya bima kuna nafasi moja ya mzazi."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kutibiwa."

"Nani anaumwa?"

"Mama mkwe macho yanamsumbua. Ila nafasi ni moja tu, nikaona nikuulize wewe kwanza."

"Uniulize nini? Unataka nikuandikie barua ya ruhusa? Mimi mzima. Mwandikishe mwenzangu, tena haraka." Akakata simu, kwa sababu kwake simu ni kitu cha kukata mapema. Nilifurahi kwa jinsi alivyonirahisishia, halafu nikaona aibu kwa ile furaha.

Kumwandikisha haikuwa kazi ya siku moja. Kwenye kitambulisho chake cha taifa jina la ukoo lilikuwa na herufi L, na kwenye cheti cha kuzaliwa cha mume wangu jina lile lile lilikuwa na R. Kwetu Usukumani herufi hizo mbili hubadilishana nafasi wakati wowote bila kumuaga mtu, lakini kompyuta ya mfuko haikukubali. Ikabidi twende mahakamani kula kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani. Karani alipomsomea karatasi, mama mkwe akanigeukia.

"Naapa kwamba mimi ni mimi?"

"Ndiyo, mayu."

"Na nisipoapa?"

"Unabaki kuwa wewe, ila bila bima."

Akafikiri kidogo. "Haya. Naapa," akasema kwa sauti kubwa, akaweka dole gumba, akauliza kama kuna mtu mwingine wa kumwapia.

Mimi niliyezoea kuona karatasi za watu zikichelewa nilifuatilia za kwangu kama mtu anayefuatilia ng'ombe aliyepotea. Kila baada ya siku mbili nilikuwa mlangoni kwa afisa utumishi. Siku alipopata uthibitisho kwamba jina limeingia, aliutangaza korido nzima.

Tukampeleka hospitali. Daktari wa macho alikuwa kijana mwembamba mwenye vidole vya upole. Alimwangalia jicho la kulia kwa tochi yake, akaandika, akasema: "Bibi, hapa una mtoto wa jicho."

Mama mkwe akashtuka. "Mtoto?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nimezaa wanane, ng'wanawane, mwanangu, nawafahamu wote. Huyo wa kwenye jicho ni wa nani?"

Hata daktari alishindwa kujizuia. Mume wangu akamweleza kwa Kisukuma kwamba ni ukungu unaoziba mboni, na kwamba unaondolewa. Kisha daktari akageukia jicho la kushoto. Huko alikaa muda mrefu zaidi. Akapima tena. Tabasamu likafifia usoni mwake taratibu.

"Amekuwa hivi muda gani?" akaniuliza.

"Kama miaka minne hivi."

"Na bima mmepata lini?"

Ningeweza kusema mwezi uliopita, kwani kwa mama mkwe ilikuwa kweli. "Kadi ninayo miaka kumi na moja," nikasema.

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Alieleza tu kwamba jicho la kushoto lilikuwa na presha ya jicho, ugonjwa unaokula taratibu bila maumivu, na kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi. La kulia lingefanyiwa upasuaji na lingeona. La kushoto tulikuwa tumechelewa.

Nje, kwenye benchi, mume wangu aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika kile kijitabu, mistari yangu myekundu yote ndani, nikatamani kukitupa. Tukawa tunatafuta namna ya kumwambia. Kumbe alishasikia na kuelewa kila kitu.

"Mmenyamazia nini?" akasema. "Kwani Nkololo kuna nini cha kutazama kwa macho mawili? Jirani ni mmoja, na hata huyo sijamkumbuka sana."

Mume wangu akacheka huku anafuta uso kwa kiganja. Mimi nilicheka baadaye, nyumbani, na hakikuwa kicheko kitupu.

Siku ya kupanga upasuaji, binti wa mapokezi aliangalia kadi, akabofya mara mbili, akasema bila kuinua uso: "Upasuaji wa macho haumo. Mtalipia."

Mwaka mmoja nyuma ningesema asante na kwenda kutafuta wa kunikopesha. Safari hii nikatoa kijitabu, nikakifungua mahali nilipokuwa nimekunja pembe. "Mdogo wangu," nikasema, "naomba unisomee hapa, mimi labda sijaelewa."

Akasoma. Akaita mwenzake wa dawati la bima, mwanaume mmoja aliyekuja na chapati mkononi. Naye akasoma.

"Umo," akasema. "Ila unahitaji kibali kabla. Bila kibali mashine inakataa, ndiyo maana anaona haumo."

"Kibali kinaombwa na nani?"

"Na sisi."

"Basi tuombe," nikasema, nikakaa kwenye kiti cha mbele kabisa, mahali ambapo kila akiinua uso ananiona. Sikuwa na hasira na yule binti. Mimi pia masjala huwa nasema faili halipo wakati maana yake ni kwamba sijainama kuangalia rafu ya chini. Kibali kilikuja baada ya siku mbili.

Asubuhi ya kutolewa bandeji tulikuwa wodini, mimi na muuguzi. Alibandua plasta polepole, akasafisha, akamwambia afumbue. Mama mkwe akafumbua jicho moja, akapepesa. Akaangalia dirisha. Akaangalia pazia, akalishika upindo kama anayetaka kulinunua. Halafu akaniangalia mimi, muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mayu. Mkamwana wako."

"Sauti ni yake," akamwambia muuguzi, "lakini yule wangu alikuwa msichana." Kisha akaninyooshea mkono, akanigusa shavu. "Umezeeka, ng'wanawane. Mbona hukuniambia?"

Muuguzi alilazimika kutoka nje. Mimi nilibaki pale nimeinama, shavu langu kwenye kiganja chake kigumu cha jembe, sijui kama nalia au nacheka, na yeye akiendelea na ukaguzi: nywele za mbele zimepungua, hereni nzuri, nani kanipa.

Ukaguzi huo haukuishia wodini. Wiki tatu baadaye shemeji yangu alipiga simu kutoka Nkololo akitaka kuongea na kaka yake, ila simu ilikuwa kwangu, akaamua kunimwagia mimi.

"Shemeji, hiyo bima yenu mmetuletea polisi."

"Kwa nini?"

"Mama ameona masizi ya sufuria. Sufuria zote zimesuguliwa kwa majivu mara mbili. Ameona paa linavuja. Ameona kuku watano si wake. Ameona mbuzi wa jirani anakula michembe yetu ya viazi iliyoanikwa, na huyo mbuzi anakula pale miaka yote. Jana ameniangalia akaniuliza kwa nini shati langu halina vifungo viwili."

"Sasa kwa nini halina?"

"Na wewe umeanza," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye nilimsimulia mume wangu, naye akacheka, kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nalo moyoni: kwamba miaka minne mama yake alikuwa akikaa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, watu wanafanya wanavyotaka mbele ya uso wake, na hakuna aliyeona ni kitu. Tangu siku hiyo hakosi kumpeleka kwa daktari kila tarehe inapofika, hata mashine ikiwa na foleni ya magunia. Daktari alimwandikia pia matone ya jicho la kushoto, ya kuzuia presha isipande likaanza kuuma, basi. Lakini mama mkwe anayatia kila siku, kwa sababu ameambiwa yamo kwenye kadi.

Habari za Nkololo zilifika Kalemela kwa njia ambazo sikuzijua. Mama yangu akapiga simu mwenyewe, jambo ambalo hulifanya mara chache.

"Nasikia mwenzangu siku hizi anahesabu kuku wa watu kwa mbali."

"Ndiyo, mayu. Anaona."

"Mungu ni mwema." Hakukata simu, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. "Njoo Jumapili. Kuna mtu anakuja kutuuzia bima kwenye kikundi. Wewe unajua kusoma yale maandishi madogo."

Nilipofika niliwakuta kina mama wa kikundi chao cha kuanika dagaa wamekaa kwenye mkeka nyuma ya banda, mbele yao wakala mmoja kutoka Lamadi amevaa tai kwenye jua lile. Nilimwona mama yangu akiinuka kunipokea. Aliinuka kwa hatua tatu: kiganja chini, kiganja kwenye goti, halafu yeye mzima, ameuma mdomo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Na uliniambia wewe mzima!"

"Ulisema nafasi ni moja," akajibu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. "Ungefanyaje? Ungegawa kadi kwa kisu?" Akaenda kukaa mkekani.

Wakala alikuwa anaongea vizuri. Alisema bima yake ni mwavuli, ni ngao, ni familia. Kina mama walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Mama yangu akanyoosha mkono.

"Magoti yamo?"

"Mama, bima hii inahudumia afya yako kwa ujumla wake."

"Nimekusikia. Magoti yamo, au hayamo?"

Wakala akatabasamu, akaanza tena habari ya mwavuli. Nikamwomba karatasi za masharti, si zile za picha. Akasita, akazitoa chini kabisa ya begi. Tulizisoma pamoja, mimi nasoma kwa Kiswahili, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anawafafanulia wazee kwa Kisukuma. Magoti yalikuwemo, kwa vipimo na dawa na mazoezi, ila baada ya miezi mitatu tangu kujiunga. Kulikuwa na aina ya bei juu kidogo iliyoongeza kujifungua.

Mama mwenye umri kama wa mama yangu akauliza: "Sasa sisi wa kujifungua ni nani hapa?" Mkeka mzima ukapiga vigelegele. Wazee wakachagua ile ya chini, vijana ile ya juu. Kwa hiyo kila mmoja alilipia mwili alionao, na wakala, nampa sifa yake, alivua tai, akaanza kuwaandika mmoja mmoja kwa utulivu, akawasomea kila kipengele kabla ya kuweka saini. Alikiri kwangu kwamba hajawahi kuombwa zile karatasi za chini ya begi.

"Hiyo miezi mitatu nitafanyaje?" mama akaniuliza tulipokuwa tunakunja mkeka.

"Utakuja kukaa kwangu Bariadi, mayu. Upumzike."

"Nani aanike dagaa?"

Tukabishana hapo mpaka jua likapungua makali. Mwisho alikubali wiki mbili. Alikaa siku tisa, akanifundisha upya kupika samaki, akamkaripia mume wangu kwa kuleta grisi ndani, akarudi kwake. Mwezi wa nne tangu ajiunge ulipoanza, asubuhi ya siku ya kwanza kabisa, alikuwa kwenye kliniki ya Lamadi na kadi yake mpya kwenye mfuko wa nailoni, wa kwanza kwenye foleni, hata mlango haujafunguliwa. Sikumsindikiza, hakutaka. Nilipompigia kuuliza imekuwaje, alisema daktari ni mtoto mzuri, amempa mazoezi ya kunyoosha mguu mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, na kwamba wenzake wote wa kikundi wanayafanya pamoja naye ufukweni, hata wasioumwa, kwa kuwa wameyalipia.